Miwani Isiyotosha: Namna Maradhi ya Konea Yanavyogunduliwa Katika Upimaji wa Kawaida wa Macho

Kijana wa miaka 16 anapimwa macho, anapewa miwani, anaona vizuri. Baada ya miezi minane haoni tena ubaoni. Anapimwa upya, namba za lenzi zimepanda, hasa ya astigmatizimu (mbinuko wa jicho usiolingana pande zote), na jicho moja limeharibika kuliko lenzake. Anapewa miwani mingine. Mwaka unaofuata, yaleyale. Mzazi anaanza kuamini kwamba duka la miwani linamwibia. Kijana anaiacha miwani nyumbani kwa sababu haimsaidii, na mwalimu anamwona mvivu. Mara nyingi katika mkasa wa namna hii hakuna aliyekosea kupima. Kilichobadilika ni konea yenyewe, na ubao wa herufi peke yake hauwezi kulisema hilo.

Konea ni ukuta mwangavu wa mbele ya jicho, uliobinuka kama kioo cha saa ya mkononi juu ya weusi wa jicho. Kwa mtu mzima kipenyo chake ni karibu milimita 12, na unene wake katikati ni nusu milimita hivi, yaani kama mikroni 540. Watu wengi hudhani mwanga hukusanywa na ile lenzi ya ndani ya jicho, inayopata mtoto wa jicho uzeeni. Lenzi hiyo inachangia, lakini zaidi ya theluthi mbili ya nguvu yote, kama dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 43 kati ya 60, iko kwenye konea. Ndiyo sababu umbo lake likipotoka kidogo tu, picha nzima huvurugika.

Konea haina mishipa ya damu, la sivyo isingepitisha mwanga. Ina neva nyingi mno, na ndiyo maana chembe moja ya mchanga humfanya mtu mzima ashindwe kufumbua jicho. Ngozi yake ya nje hujifunga yenyewe, mkwaruzo mdogo hupona kwa siku moja au mbili. Tabaka la ndani kabisa ni habari nyingine: seli zake zina kazi ya kusukuma maji nje ili konea isivimbe, na kwa binadamu seli hizo zikifa hazizaliwi nyingine. Zilizobaki hujitanua kuziba pengo, mpaka zinapozidiwa.

Sasa tuingie chumba cha kupimia. Kipimo cha kwanza ni ubao wa herufi, ambao mfumo wake ulitolewa na daktari wa Uholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862. Ukiandikiwa 6/12, maana yake unachokiona ukiwa mita 6 mwenye macho mazima angekiona akiwa mita 12. Hapo mpimaji mwangalifu hukupa kikopo cheusi chenye kitundu cha karibu milimita moja, uchungulie ubao kupitia kitundu hicho. Ni kipimo cha bei ya chini kuliko vyote, na mimi nakiona kuwa kati ya vyenye maana kubwa zaidi.

Kitundu huruhusu mwanga upite kwenye sehemu ndogo tu ya konea, hivyo makosa ya umbo hayapati nafasi ya kuvuruga picha. Ukiona vizuri zaidi kupitia kitundu, tatizo liko kwenye ukusanyaji wa mwanga na inatarajiwa miwani itasaidia. Usipoona nafuu, mpimaji anaanza kufikiria mtoto wa jicho, kovu katikati ya konea, retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), au neva ya jicho. Lakini liko jibu la tatu ambalo hupuuzwa sana: mtu anasoma 6/6 kupitia kitundu, ila kwa miwani bora kabisa anayoweza kutengenezewa anakwama 6/12. Lenzi ya miwani hurekebisha mbinuko ulio sawasawa, haiwezi kurekebisha konea iliyobinuka ovyo. Tofauti hiyo kati ya kitundu na miwani ndiyo dalili kwamba konea imepoteza umbo lake, na mpimaji anayeandika tu namba mpya na kuita mgonjwa anayefuata ameipita bila kuiona.

Ugonjwa unaoongoza kuleta hali hiyo kwa vijana ni keratokonasi. Konea hupungua unene, hulegea, na sehemu yake, kwa kawaida chini kidogo ya katikati, huchomoza mbele ikawa na umbo la pia. John Nottingham, daktari wa Liverpool, aliueleza kwa kina tangu mwaka 1854. Huanza zaidi wakati wa kubalehe, huendelea hadi miaka ya thelathini hivi, na huwa haulingani kwenye macho yote mawili. Hauumi na hauleti wekundu, na ukimulika jicho kwa tochi katika hatua za mwanzo huoni chochote. Ule ubinukaji wa kope ya chini mgonjwa anapotazama chini, unaoelezwa katika kila kitabu cha macho, ni dalili ya ugonjwa uliokwisha kukomaa. Anayesubiri kuuona huo amechelewa.

Kinachoukamata mapema ni retinoskopu, kifaa cha mkononi chenye mstari wa mwanga. Mpimaji hupitisha mstari huo juu ya mboni na kuangalia mng'ao unaorudi kutoka ndani ya jicho. Kwenye jicho la kawaida mng'ao huenda kwa pamoja upande mmoja. Kwenye keratokonasi hugawanyika, vipande viwili vikifunguka na kufunga mfano wa mkasi, na wataalamu huuita hivyohivyo, mng'ao wa mkasi. Ukishauona mara moja huusahau. Vituo vingi siku hizi vimeweka mashine ya kompyuta inayotoa namba za lenzi kwa sekunde chache, na retinoskopu imebaki kwenye droo. Mashine ina faida zake, hasa foleni inapokuwa ndefu. Lakini mbele ya konea iliyopotoka itagoma kusoma, au itatoa namba tofauti kila inaporudiwa, na asiyejua sababu atachagua namba mojawapo na kuandika miwani. Ningependa kila mwanafunzi wa optometria, yaani taaluma ya upimaji wa macho, anayemaliza chuo Afrika Mashariki atoke na retinoskopu mfukoni na mazoea ya kuitumia.

Baada ya hapo kuna keratomita, inayopima mbinuko wa konea kwa kuangalia taswira ya duara inayoakisiwa juu yake. Konea ya kawaida huwa na dayopta 43 au 44. Ikipanda kupita 47, au duara likionekana limekunjika, shaka inakuwa na msingi. Ramani kamili hupatikana kwa topografia, kipimo kilichotokana na sahani ya miduara meusi na meupe aliyoibuni Mreno António Plácido katika karne ya 19. Mashine mpya zaidi hupima pia uso wa nyuma wa konea na unene wake kila mahali, na mara nyingi uso wa nyuma ndio unaotangulia kubadilika. Anayevaa lenzi za kugusa jicho huambiwa aziache kwa muda kabla ya kupimwa ramani hiyo, wiki moja au mbili kwa zile laini na zaidi kwa zile ngumu, kwa sababu lenzi huibana konea na kuipa umbo la uongo.

Kwenye darubini ya macho, ile unayoegemeza kidevu na paji la uso, mstari mwembamba wa mwanga huikata konea ili tabaka zake zionekane kwa upande. Mswidi Allvar Gullstrand alitangaza taa hiyo mwaka 1911, mwaka uleule aliopata Tuzo ya Nobeli kwa kazi yake juu ya upindaji wa mwanga ndani ya jicho. Kwa mgonjwa wa keratokonasi huonekana konea imekonda pale ilipochomoza, vistari vyembamba vya wima ndani yake vinavyopotea jicho likibonyezwa taratibu, na pete ya rangi ya kahawia inayotokana na madini ya chuma, ambayo huonekana wazi zaidi chini ya mwanga wa buluu.

Kwa nini haraka yote hii? Kwa sababu dawa iliyopo huzuia, hairudishi. Watafiti wa Dresden, Ujerumani, walibuni njia ya kuloweka konea kwa matone ya riboflavini, yaani vitamini B2, kisha kuimulika kwa mionzi ya urujuanimno ili nyuzi zake zishikane na kukaza. Matokeo ya wagonjwa wa kwanza yalichapishwa mwaka 2003. Kwa utaratibu wa awali konea inatakiwa iwe na unene usiopungua mikroni 400, ili mionzi isiziue zile seli za ndani zisizozaliwa upya. Aliyegunduliwa akiwa na mikroni 480 mlango uko wazi. Aliyefika akiwa na 350, kwa utaratibu huo anabaki na lenzi ngumu, au na upandikizaji wa konea. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa ulifanywa na Eduard Zirm mwaka 1905 katika mji wa Olomouc, na kwa utaalamu ni kazi inayojulikana vizuri, lakini kwetu konea za kupandikiza ni adimu na gharama iko mbali na familia nyingi.

Kuna swali moja ambalo halihitaji chombo chochote: mtoto huyu anafikicha macho? Kufikicha kwa nguvu na kwa miaka ni miongoni mwa vitu vinavyohusishwa sana na keratokonasi, na nyuma ya kufikicha mara nyingi kuna mzio. Afrika Mashariki tunao mzio mkali wa macho wa watoto, wavulana zaidi ya wasichana, unaoanza kabla ya miaka 10: macho yanawasha kupita kiasi, yanatoa tongotongo la kunata na kuvutika, na ukingo wa konea unavimba na kugeuka rangi ya kahawia. Nchi zenye vumbi, joto na mzio mwingi zina sababu ya kuwa macho. Utafiti wa Riyadh, Saudi Arabia, uliochapishwa mwaka 2018, uliowapima kwa mashine watoto na vijana wa miaka 6 hadi 21 waliofika hospitali kwa mambo mengine, ulikuta keratokonasi kwa karibu 4.8 kwa kila mia. Familia za Waswahili wanaolea watoto Ghuba wanapaswa kuijua namba hiyo.

Mzio wenyewe unatibika, ila kuna mtego. Matone yenye steroidi, kama deksamethasoni, hutuliza mwasho kwa siku mbili, na kwa kuwa yanatuliza, mzazi hurudi kuyanunua mwezi baada ya mwezi bila kuonana na daktari. Hali hiyo huweza kupandisha presha ya ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho kwa kijana ambaye alikuja na mwasho tu. Mpimaji akiuliza “anatumia dawa gani?”, atajwe jina la chupa au iletwe chupa yenyewe.

Steroidi hiyohiyo ni hatari zaidi kwenye jicho lenye kidonda cha konea, na hapa kipimo cha kugundua ni kikaratasi chenye rangi ya machungwa iitwayo floresini. Kinaloweshwa, kinaguswa ndani ya kope ya chini, mgonjwa anapepesa, kisha jicho linamulikwa kwa mwanga wa buluu. Popote ngozi ya konea ilipochubuka panawaka kijani. Kinachofuata ni kusoma umbo. Mistari ya wima, mingi na sambamba, inasema kuna kitu kimenasa chini ya kope ya juu na kila ukipepesa kinakwaruza, basi kope igeuzwe itafutwe chembe. Mchubuko wenye matawi, kila tawi likiishia na kifundo, ni wa virusi vya herpesi, na kumwekea steroidi mtu huyu ni kukipa kidonda ruhusa ya kutanuka na kuzama. Doa jeupe au la kijivu chini ya pale palipochubuka ni dalili ya maambukizi yaliyoingia ndani, na huyo hapaswi kurudi nyumbani na chupa ya dukani.

Kwa wakulima kuna fangasi. Jani la muhindi, pumba za mpunga au kijiti hukwaruza konea na kupanda vimelea, na baada ya siku kadhaa linatokea doa lenye kingo za manyoyamanyoya, wakati mwingine likizungukwa na vidoa vidogo. Antibayotiki za kawaida hazifui dafu. Natamisini, dawa ya matone ya kupambana na fangasi wa konea, iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2017, ila kuipata wilayani bado ni kazi. Tafiti zilizofanywa katika hospitali ya KCMC, Moshi, na Mbarara, Uganda, zimeonyesha jinsi wagonjwa wanavyofika wakiwa wamechelewa, wengi wakiwa wamepitia kwanza maduka ya dawa au dawa za majani. Nawaelewa. Hospitali ni mbali, nauli ni pesa, na jicho jekundu huwa linapona lenyewe mara nyingi. Ila jicho lililochomwa na kitu cha shambani, likaendelea kuuma na kuogopa mwanga hadi siku ya pili, halipo katika kundi hilo.

Upimaji wa konea hauwezi kukamilika bila kuangalia kope. Vikope, yaani ugonjwa wa trakoma, bado vinapofusha, na kazi kubwa ya kuvielewa imefanyika Kongwa, mkoani Dodoma, kwa miongo mingi. Maambukizi ya utotoni yanayojirudia huacha makovu ndani ya kope ya juu, makovu yanaivuta kope ndani, na unywele wake unaanza kukwaruza konea kila mtu anapopepesa. Wanawake hupofuka kwa vikope hadi mara nne zaidi ya wanaume, kwa sababu wao ndio wanaokaa na watoto wadogo wenye maambukizi. Bibi anayeng'oa nywele za kope zake kwa kibanio atafika kwa mpimaji bila hata unywele mmoja unaogusa jicho, na mtazamaji wa haraka ataandika kwamba yuko salama. Inabidi aulizwe, kope igeuzwe, makovu yatafutwe, na vishina vya nywele vinavyoanza kuchomoza viangaliwe kwa kioo cha kukuzia.

Kisha ule ukingo wa konea, pale weusi unapokutana na weupe. Kinyama cha pembetatu kinachotambaa kutoka upande wa pua ni cha kawaida kwa wanaofanya kazi juani, wavuvi na wakulima, na kwa wengi hakina haraka. Hata hivyo, mahali hapohapo huota saratani ya uso wa jicho, ambayo Afrika Mashariki imeongezeka pamoja na Virusi vya UKIMWI na huwapata watu wenye umri mdogo kuliko inavyotarajiwa. Uvimbe uliokua upesi, wenye utando mweupe, rangi ya kahawia au mishipa minene inayoulisha, ukatwe na upelekwe maabara, maana macho matupu hayawezi kutofautisha kwa uhakika. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba matone ya fluorourasili baada ya upasuaji yanapunguza sana uvimbe kurudi. Na mgonjwa wa namna hii ashauriwe kupima VVU, kwa heshima na faragha.

Pete ya kijivu inayozunguka konea ya mzee haina madhara. Ikionekana kwa mtu asiyefika miaka 40, lehemu yake ipimwe. Pete ya dhahabu au kahawia kwenye ukingo kwa kijana mwenye mitetemeko au ugonjwa wa ini huashiria shaba iliyorundikana mwilini. Konea isiyoshtuka inapoguswa na nyuzi ya pamba imepoteza hisia, kama inavyotokea kwa ukoma, herpesi na kisukari, na vidonda vyake haviumi hadi vinapokuwa vikubwa. Mtu mzima anayeona ukungu asubuhi na kupata nafuu kadiri siku inavyokwenda huenda seli zake za ndani zinapungua, na daktari anapaswa kulijua hilo kabla ya kumfanyia upasuaji wa mtoto wa jicho.

Konea hudanganya hata pale inapokuwa nzima. Vifaa vya kupima presha ya macho hubonyeza konea au kuipulizia hewa, na konea nyembamba hubonyea kirahisi. Mwenye konea ya mikroni 480 anaweza kuambiwa presha yake ni ya kawaida kumbe iko juu, huku mwenye konea nene akianzishiwa dawa ya maisha asiyoihitaji. Kwa hiyo mtu anayefuatiliwa kwa glakoma (ugonjwa wa presha ya macho) anayo haki ya kuuliza unene wa konea yake ni mikroni ngapi.

Vingi kati ya vipimo hivi havihitaji jengo jipya wala mashine ya mamilioni. Kitundu, tochi yenye kifuniko cha buluu, vikaratasi vya floresini, kioo cha kukuzia, retinoskopu, na mikono inayojua kugeuza kope: hivyo vinatosha katika kituo cha afya kumtenga anayehitaji rufaa na asiyehitaji. Upimaji wa shuleni, unaotumia ubao pekee, ungeongezewa kitundu na lile swali la kufikicha, ungekamata wengi zaidi.

Mzazi mwenye kijana ambaye miwani haikai anaweza kuanza na karatasi za vipimo vya nyuma, zote, pamoja na miwani ya zamani hata kama imevunjika, kwa sababu namba zilizopangwa kwa tarehe huonyesha mwendo ambao kipimo cha siku moja hakiwezi kuuonyesha. Aombe jicho liangaliwe kwa retinoskopu, na ikionekana shaka aombe rufaa ya kupigwa ramani ya konea. Ugonjwa ukithibitika, kipimo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita wakati kijana bado anakua. Ndugu zake wa tumbo moja wapimwe pia, hata kama hakuna anayelalamika.